Mzee wa Foleni ya Sukari

Miaka ile sukari ilikuwa imeadimika, sabuni ilikuwa ya kusikia tu, na mama yangu alifulia majani ya mpapai. Ndipo tangazo likasomwa kanisani kwetu Mutuka: vijana wa madhehebu yote wanaitwa Babati mjini, kwenye shule ya msingi iliyokuwa imefungwa kwa likizo, wakae pamoja siku chache wajifunze kujikubali, kuheshimiana na kuongoza wenzao. Kila mmoja aje na blanketi, sahani na chochote cha kupika kilichopo nyumbani.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tumehamia Mutuka kutoka nyanda za juu za Mbulu nikiwa mdogo, na nyumbani tulizungumza Kiiraqw. Kiswahili tulikijua, ila kwa namna yetu. Lugha yetu haina z wala v, na ndimi zetu hazikuona sababu ya kuzitafuta.

"Nenda na wewe, mama," baba aliniambia tulipotoka kanisani. "Fijana wa siku hisi wanahitaji kusungumsa."

Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Mama yangu alinifungia maharage kwenye kitambaa, nikaondoka na wenzangu wa kijijini kwa miguu, njia nzima tukiimba.

Nakumbuka vizuri jiko la kambi ile, kwenye uwanja wa shule, tukiutazama mlima Kwaraa. Vyakula vyote vilimwagwa pamoja. Unga mweupe ulichanganywa na ule wa mahindi ya njano tuliouita yanga, uliotoka Amerika na kunuka ghala. Maharage ya kila rangi yaliingia sufuria moja, na yalipoiva, mengine yalikuwa yamekuwa rojo wakati mengine bado yanagonga meno. Tulikula yote. Uji wa asubuhi ulikuwa bila sukari, na kila aliyepokea kikombe alisema, "Mtamu huu," tukacheka kana kwamba ni utani mpya.

Siku ya kwanza tulikaa kwenye madawati, kila mmoja akasimama kujitambulisha. Mlezi wetu alikuwa mwalimu mmoja mama wa makamo, mtu wa Songea, mwenye sauti ya chini iliyokufanya uiname kumsikiliza. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema, "Nimetoka Mutuka. Nimekuja kujifunsa pamoja na fijana wensangu."

Darasa likaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya. Walicheka tu kama mtu anavyocheka akiona kuku ameingia kanisani. Mlezi alingoja watulie.

"Tumekusikia, binti," alisema. "Endelea."

Sikuweza kuendelea. Nilikaa, na tangu hapo nilichagua maneno yangu kama mtu anayechambua mchele, nikiyaruka yote yenye herufi zile. Jaribu mwenyewe kukaa na vijana bila kusema vijana, wala wazazi, wala vizuri. Nikaonekana mpole sana.

Kesho yake tuligawanywa makundi, kila kundi lichague mwenyekiti. Kundi letu lilimchagua mvulana wa Nakwa mwenye kigugumizi. Wapo waliomchagua kwa mzaha, nadhani, lakini mzaha uliwageuka. Neno lilipomkwama hakulisukuma; aliliacha lije kwa wakati wake, akikutazama usoni, na sisi tukajifunza kungoja. Kwa kuwa yeye alisema kidogo, wengine wote walipata nafasi ya kusema. Sijawahi kukaa kwenye mkutano wenye utulivu kama ule, na mikutano nimehudhuria mingi.

Katika kundi hilo alikuwemo pia msichana wa Bagara, binti wa karani aliyehamishiwa Babati kutoka Moshi. Alikuwa na viatu vya kufunga kamba, na alikuwa na akili nyepesi ya kutunga mambo. Tulipoambiwa kila kundi liandae igizo, alikuwa amekwisha kulipata kabla hatujakaa.

"Foleni ya duka la ushirika," alisema. "Mimi mwuza duka. Anakuja mzee wa shamba kutafuta sukari, hajui Kiswahili, anazungushwa mpaka anasahau alichofuata." Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye utakayekuwa mzee. Utaongea vile vile unavyoongea."

Nilikubali, na sitasema nilikubali kwa shingo upande. Nilivikwa koti la mmoja wa wavulana, nikapewa fimbo, nikasema, "Shikamoo, mwusa duka. Naomba sukari ya wasee." Wakaanguka chini kwa kucheka. Makundi mengine yakaja madirishani kuchungulia mazoezi yetu. Ghafla kila mtu alinijua. Mchana waliniita nikae nao, wakanisukumia viazi vitamu. Nilikuwa na wenzangu, na nilikuwa nimefurahi.

Jumamosi, baada ya chakula, mlezi alitangaza kuwa kesho yake baada ya ibada wazazi wamealikwa kuja kuona maigizo.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi niliinuka nikaenda kuosha masufuria, ingawa haikuwa zamu yangu. Nilisugua sufuria moja kwa mchanga mpaka mikono ikauma. Nilikuwa nikimwona baba. Angekuja kwa baiskeli, katika koti lake la Jumapili, angekaa mbele kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito kidogo, na angemsikia binti yake akisema kama yeye, na watu wakianguka chini.

Mwenyekiti wetu alinikuta pale. Alichuchumaa, akachukua sufuria nyingine.

"Unaumwa?" aliuliza.

"Sitaki kuwa yule msee kesho," nilisema, na neno lilitoka na s yake. Sikuwa na nguvu ya kulikwepa. "Baba yangu anaongea hifyo hifyo."

Aliweka sufuria chini, akanitazama usoni. Sikujua kama neno limemkwama au anafikiri.

"T-twende tukawaambie," alisema mwishowe.

"Si uamue wewe? Ndiwe mwenyekiti."

"Nikiamua mimi, wa-watatii tu. Wewe ukisema, wataelewa."

Tukawaita chini ya dirisha la darasa. Nilisema kama nilivyomwambia yeye, maneno machache. Msichana wa Bagara alikunja uso kwanza.

"Lakini hapo ndipo panapochekesha," alisema. "Tukipaondoa, tunabaki na nini?" Kisha akanitazama vizuri zaidi, akaangalia viatu vyake. "Baba yako anakuja kesho?"

"Anakuja."

"Sikujua," alisema. Halafu akaongeza, "Bibi yangu kule Moshi naye huchekwa. Anaposema Kiswahili mama hutoka nje."

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye wazo, akangoja. Aliyelipata ni yule yule msichana.

"Mawe," alisema.

Sote tulielewa mara moja. Foleni za wakati ule zilipangwa tangu alfajiri, na aliyechoka kusimama aliweka jiwe mahali pake akaenda zake kivulini. Muda si mrefu duka lilikuwa na foleni ya mawe matupu, na mlango ulipofunguliwa watu waligombana lipi ni la nani. Tukaamua watu wacheke mawe. Mzee angebaki, na maneno yake yangebaki, lakini hangekuwa mpumbavu. Angekuwa mtu aliyekuja kutafuta sukari, kama wao.

Jumapili nilimwona baba kabla ya igizo kuanza. Alikaa mbele kama nilivyojua, kofia imelala magotini. Nilipotoka na fimbo na kusema, "Shikamoo, mwusa duka," vijana waliotuona kwenye mazoezi walianza kucheka. Lakini niliendelea, sasa bila kuruka neno lolote. Kisha wawili wakaanza kugombea jiwe, mmoja akisema lake lilikuwa na kovu, mwingine akilifuta kwa kanga aone kovu hilo, na wazazi wote wakapasuka. Kila mmoja wao alikuwa amewahi kuacha jiwe mahali. Baba alicheka mpaka akaifunika midomo kwa kofia. Mzee alipowaomba watu wajipange upya kwa miguu yao, waliokuwa wamekaa nyuma waliitikia, "Sawa, mzee," kama vile wako dukani kweli.

Baadaye nilimkuta baba akifunga blanketi langu kwenye keria ya baiskeli. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kufunga.

"Yule msee," alisema, "nimemjua."

Nikauliza, "Ni nani, baba?"

"Si babu yako yule? Baba yangu kabisa. Kiswahili kilikuwa kinamshinda, alisema hifyo hifyo." Akatikisa kichwa akitabasamu. "Umempata wapi, na alikufa hujasaliwa?"

Nikamwambia nilisikia tu nyumbani. Aliridhika na jibu hilo. Njiani, yeye akisukuma baiskeli nami nikitembea kando yake, alinisimulia habari za babu ambazo sikuwahi kuzisikia, jinsi alivyokwenda barazani kushtaki kuhusu mpaka wa shamba na kusema kwa ujasiri Kiswahili ambacho hakuna aliyekielewa, na akashinda kesi kwa sababu hakuchoka.

Kundi letu liliendelea kukutana Jumamosi, pale pale shuleni, kwa muda. Tulisaidia kuchimba choo cha shule, tukapanda miti kando ya uwanja. Karani alihamishwa tena na binti yake akaondoka naye. Alinipa kitambaa cha kichwa cha maua, nilichokivaa mpaka kikachanika. Mwenyekiti wetu nilimwona mara ya mwisho sokoni, amekuwa mtu mzima, akibishana bei ya mahindi, na muuzaji akimngoja kwa adabu amalize neno lake.

Mimi siku hizi nasema z na v bila kufikiri. Shule na kazi vilinifundisha, polepole, wala sijui ni mwaka gani s yangu iliondoka. Baba ameshafariki. Kuna asubuhi ninapokoroga uji jikoni peke yangu, nasema kwa sauti, "Fisuri sana," nipate kusikia mtu wa kwetu.