Bata Wangu wa Mchangani

Haya, chekeni mapema mmalize, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Mimi niliwahi kuita kisiwa kizima, wanaume kwa wanawake, pamoja na mwalimu wa chuo cha Kurani na kanzu yake, waje washuhudie ujinga wangu, na mpaka leo nikikutana na mtu wa Ruaruke navuta ukaya usoni.

Ilikuwa wakati wa vita vya Maji Maji. Askari wa Mjerumani walikuwa wanachoma nyumba na maghala ya mpunga, basi mume wangu Selemani akatuchukua sisi wake zake wawili, akatuvusha mpaka kisiwa kimoja huku chini mto unakogawanyika, penye mchanga na vichaka, tukajificha pamoja na kaya nyingine kama kumi za kijiji chetu cha Ruaruke. Kaka yangu alikuwa amekunywa yale maji ya dawa akaenda na wenzake, hakurudi, na la huyo sitaliongeza.

Mimi mtoto wa Bungu, nchi kavu, mto nimeujulia ukubwani kwa kuolewa. Mke mwenzangu, Mwanahawa, alizaliwa mtoni. Yeye ndiye bi mkubwa, kanizidi kama miaka kumi, na kwa haki mimi mke mdogo ndiye niliyestahili kuonewa wivu, lakini yeye hata hakuwa na habari (na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote). Siku ya kukimbia kila mtu alibeba vyungu na mikeka, yeye akabeba tenga la kuku wanne, na njaa ilipoingia kuku wale wakawa ndio wakubwa wa kisiwa: yai kwa mgonjwa, yai kwa aliyejifungua, na kila yai likitoka Selemani anasema, "Mwanahawa ana akili." Asubuhi anasema, jioni anarudia, mimi nasonga ugali kama nampiga mtu.

Siku moja ya joto kali nikawaona kuku wamesimama wamepanua midomo, mbawa wameziachia, wanahema. Moyo wangu ukafurahi, Mungu anisamehe.

"Dada, kuku wako wanakufa," nikamwambia.

Mwanahawa akacheka taratibu. "Hawafi, mdogo wangu. Kuku hatoki jasho kama sisi, joto lake hulitoa kwa pumzi. Hata yule," akanyoosha kidole ng'ambo, kwa mamba aliyelala ukingoni kaachama kinywa, "usidhani kakasirika. Anapunguza joto."

Selemani alikuwa amekaa pale pale, akamtazama mkewe kama mtoto anayefundishwa alifu. Mimi sijawahi kutazamwa vile hata siku ya harusi yangu.

Baada ya siku mbili tatu nilikwenda kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni vya wakati wa njaa, peke yangu, nikafika ukingoni mahali mchanga umetifuliwa. (Karibu hapo palikuwa na mzoga wa mamba, kapigwa bunduki na askari waliopita na boti, nami nikaziba pua nikaendelea kuchimba. Akili yangu ilikuwa imekwenda wapi, sijui.) Nikakuta mayai! Meupe, makubwa kupita ya kuku, yanazidi thelathini. Nikajiambia, haya ya bata wa mwituni, basi. Ningeyapeleka kwa Mwanahawa nikamwuliza, "Dada, haya ya nini?" nisingekuwa na cha kuwasimulia leo. Lakini nimwulize Mwanahawa tena? Nikayafunga kwenye kaniki yangu nikayaficha nyuma ya kibanda, nikachimba shimo nikayafukia, nikatangaza kwamba nimepata mayai ya bata na nitaangua kundi zima. Na mtu asiyaangalie, nikasema, kwa sababu ya kijicho, na nikamtupia jicho mwenzangu ili aelewe ni kijicho cha nani.

Sikuwa na kuku wa kuyalalia, basi kuku nikawa mimi. Asubuhi naondoa makuti jua liupashe mchanga moto, adhuhuri nayarudisha makuti na kunyunyiza maji pembeni, jioni natandaza majivu ya vuguvugu juu, kila mara nachomeka mkono kupima. Watu wenye njaa wakaja kuniomba mayai mawili tu, nikawanyima (haya, hapo pia chekeni, maana wangekuja kujua wamekula nini!). Kuku wa Mwanahawa akalalia, akaangua, vifaranga vikaota manyoya, na mayai yangu kimya. Wakaanza kuniambia yameoza. "Bata wana taratibu zao," nikawajibu, kama niliyelelewa na bata.

Mwezi na nusu ukapita. Asubuhi moja naondoa makuti, nikasikia ndani ya mchanga: kwe, kwe, kwe! Nilipiga vigelegele vilivyosikika kisiwa kizima. Watu wakaja mbio, mwalimu Hemedi akaitwa aombe dua, Selemani akanishika bega mbele ya watu wote akasema, "Zuhura wangu!" Nikageuka kuhakikisha Mwanahawa amesikia. Kisha nikaingiza mkono.

Kitu kikanidaka kidole. Nikautoa mkono, na kwenye kidole kananing'inia kamamba kadogo, macho ya manjano, meno kama sindano! Nikarusha mkono kwa nguvu, kakaruka, kakatua kifuani kwa mwalimu, na dua ikaishia hapo. "Mamba! Mamba!" Nyuma ya yule wenzake wanachomoza mchangani mmoja mmoja, wanaita kwe, kwe, na mwanamume mmoja akapiga kelele, "Wanamwita mama yao!" Loo, ilikuwa kila mtu na roho yake. Mwalimu kakwea mti na kanzu imepasuka, Selemani kaingia mtoni mpaka kiunoni ndipo akakumbuka mamba wanaishi wapi, akatoka mbio kuliko alivyoingia.

Kisha mtu akasema kwa sauti ya chini, "Nyamazeni. Askari."

Hapo kicheko kiliisha. Tulilala kifudifudi vichakani, mama wamewaziba watoto midomo, tukisikiliza kama boti inakuja kwa makelele yangu. Damu ya kidole inanichuruzika, nami nawaza: watu wote hawa wakifa leo, wamekufa kwa wivu wa Zuhura.

Boti haikuja. Tulipoinuka, Mwanahawa peke yake alikuwa pale shimoni, anawakamata wale wadogo nyuma ya shingo, mmoja mmoja, anawatia kwenye tenga awapeleke mtoni. Hakuniuliza kitu mbele ya watu. Aliporudi aliniita ndani akanifunga kidole kwa kitambaa.

"Mamba halalii mayai yake," akaniambia. "Joto la mchanga ndilo linaloyalea. Ila wewe umewalea vizuri, mdogo wangu, wengi wametoka wazima. Mimi nisingeweza."

Nililia. Angenicheka ningeweza kumchukia kwa raha zangu, lakini kunisifu! Na nje namsikia Selemani anasema, "Mwanahawa ana akili."

Siku ile niliapa kwamba nisichokijua nitauliza, hata kama wa kuulizwa ndiye yule ninayemwonea wivu. Wivu wenyewe haukuisha, nisiwadanganye. Vita vilipokwisha tukarudi nyumbani, Mwanahawa akajifungua pacha, mimi bado sina hata mmoja, na ukanipanda mpaka kooni. Nilisimama mlangoni kwake kitambo. Kisha nikaingia nikamwuliza, "Dada, wadogo hivi wanashikwaje?"

Akanipakatisha mmoja.