Udongo Mweusi wa Kibanja Chetu

Baba alipofariki tulibaki mimi na Mama kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa, upande wa Muleba. Mtoto wa kiume hakuwepo, na hilo lilimkosesha Mama amani, maana kibanja cha namna hiyo ndugu hukitolea macho.

Mdogo wake Baba alikuwa amepewa mbegu za michikichi na bwana shamba wa serikali ya Waingereza. Kwanza alizisia kwenye udongo wa rweya, kule kwenye nyasi tupu, miche ikatoka ya njano. Akajaribu mchanga wa ziwani na maganda ya kahawa. Maganda yalikuwa mabichi, yakashika joto, yakaunguza mizizi. Mtu huyo kulima kwake kulikuwa kwa shida, lakini kwa miche ile alihangaika hadi nikashangaa.

Asubuhi moja akaja kuomba udongo, amefuatana na majirani wawili. Kuomba udongo, watu watatu! Nilipata wasiwasi. Alisema udongo wetu mweusi, uliojaa majani ya migomba yaliyooza, ndio pekee utakaoiponya miche yake. Aliongea Kihaya, akaomba itaka. Kwetu itaka ni udongo unaoushika mkononi, na itaka pia ni ardhi. Mama alikuwa anamenya ndizi. Bila hata kuinua kichwa akamjibu kwamba itaka achukue tu, ni ya kaka yake.

Aliuchukua kwa vikapu, akaujaza kwenye vikopo alivyoshona kwa magamba ya mgomba. Miche ikanenepa. Kila nilipopita kwake niliiona imezidi kupanda, nami niliiogopa kweli. Nilipomwambia Mama, alinicheka kwamba naogopa majani.

Masika yalipoanza aliileta yote kwetu, akaanza kuchimba mashimo katikati ya migomba. Majirani wale wale walisimama kando. Mama alimfuata kwenye mashimo.

“Shemeji, mimi nilikupa udongo.”

“Ulinipa itaka,” alijibu kwa upole. “Hawa walisikia.”

Majirani walikubali kwamba walisikia. Mmoja alimpa Mama pole, akatazama chini. Nilimchukia baba mdogo siku ile na chuki hiyo haijanitoka.

Tulipobeba mizigo yetu kwenda Kaagya, kwao Mama, baba mdogo alituomba tupite pembeni, tusije tukakanyaga miche.