Geti la Mbele

Nilimwonea wivu mwenzangu hadi chakula kikanishinda. Tulikuwa askari wawili kwenye stoo ya pareto karibu na Bahati, miaka ile ya hamsini, na mshahara wetu ulikuwa mmoja. Yeye alilinda geti la mbele: kumfungulia mzungu mwenye stoo, kupiga saluti, kuketi. Mimi nililinda la nyuma, yalikoingia malori ya Subukia. Kila gunia nililidunga kwa chuma kirefu, maana watu walificha mawe katikati ya maua makavu ili uzito upande. Vumbi la pareto lilinivimbisha macho, nikaonekana mlevi tangu asubuhi.

Hayo ningeyameza. Kilichonikera hasa ni nyapara. Kila asubuhi alikunywa chai kule mbele na mwenzangu, wakinong'ona kama mtu na shemeji yake. Kwangu alifika akifoka.

"Wewe! Hii gunia umedunga?"

"Ndiyo, nyapara."

"Dunga tena."

Hata salamu hakunipa. Nilitaka lile geti kuliko nilivyotaka mke, na wakati huo mke nilikuwa namtafuta.

Siku moja ya msimu wa mavuno malori yalifuatana hadi nikazidiwa kabisa. Mwenzangu aliona, akafunga geti lake, akaja akavua koti na kuninyang'anya chuma.

"Pumzika kidogo, ndugu yangu. Kunywa maji."

Nilikuwa bado nakunywa, honi ya gari la mzungu ilipolia kule mbele. Ililia tena na tena. Nyapara akatujia mbio.

"Nani amekuita huku?"

"Nimekuja kusaidia huyu. Kazi ilikuwa imemlemea."

Nyapara akanigeukia. "Ni kweli?"

Jibu la kweli lilikuwa moja tu, nami nililijua.

"Hapana," nikasema. "Kazi yangu naiweza."

Mwenzangu alifutwa kazi siku hiyo hiyo. Hakunitukana, alichukua koti lake akaondoka.

Kesho yake nilikuwa mbele, nimeketi, na nyapara akaja na chai. Sitadanganya, nilifurahi sana.

"Afadhali wewe," akaniambia. "Yule alikuwa ananisumbua kila asubuhi. Eti mbadilishane mageti, wiki yake, wiki yako, kwa sababu wewe unaumia huko nyuma. Nikimkatalia, kesho anaanza tena." Akapuliza kikombe chake. "Sasa kuna mwingine huko nyuma. Wewe hutaniletea maneno kama hayo, ama?"

"Hapana, nyapara," nikasema, nikamsogezea sukari.