Kanzu Mpya ya Timna

Tangu mvua za mwisho zikatike, nyumba ya Hodavia ilijaa wema, na wema huo ulimnyima Elasa raha. Miaka sita alikuwa amekamua zeituni za bwana huyu pale Tekoa kwa makombo na matusi. Sasa zimebaki siku chache mwaka wa saba uingie, aende zake huru kama torati isemavyo, ndiyo kwanza anapewa nyama ya kondoo na kuitwa ndugu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tena uhuru wenyewe ulikuwa wake peke yake. Timna mkewe, Mmoabi wa kununuliwa, alikuwa wa kupewa na bwana; kwa hiyo yeye na binti yao Azuba, aliyeanza juzi kutembea, walikuwa mali ya nyumba. Elasa akitaka kubaki nao, sharti atangaze mbele ya wazee kwamba anampenda bwana wake, kisha atobolewe sikio mlangoni, awe mtumwa hadi kufa.

Timna alimwambia aende. Alikuwa akisaga shayiri, wala hakuinua macho. Bibi mwenye nyumba alikuwa amemshonea kanzu mpya, na Azuba pia, na Timna hajapata kuona mtumwa akishonewa nguo bure.

"Nenda, baba Azuba. Hii kanzu mimi siielewi."

"Niende wapi, niwaache?"

"Ukiwa huru utarudi kutukomboa. Ukishatobolewa, nani atatukomboa?"

Elasa akamcheka. Akasema kanzu ni za harusi tu, ya Yekolia, binti wa bwana, anayeolewa Lakishi. Na kweli zilikuwa za harusi.

Siku ikafika. Wazee walikuja asubuhi na mapema, mmoja akamtania asitikisike, mwimo wa mlango wenyewe mpya. Elasa akasema bila kukwama kwamba anampenda bwana wake, mkewe na mwanawe, hataki kwenda huru. Sehemu moja ya maneno hayo ilikuwa uongo, na kila aliyekuwepo aliijua. Sikio likabanwa kwenye mwimo, msharasi wa kushonea viatu ukapita. Hodavia akamkumbatia.

Adhuhuri watu wa bwana harusi wakafika na punda. Yekolia akapandishwa. Kisha bibi akamwambia Timna avae ile kanzu na ambebe mtoto, kwani bibi harusi haendi ugenini bila mjakazi wake.

Elasa alimwendea bwana huku damu haijamkauka shingoni.

"Bwana, yale maneno niliyasema kwa ajili yao. Umeyasikia mwenyewe."

"Nimeyasikia, ndugu yangu," Hodavia akasema taratibu. "Uliyesema ni wewe. Mimi nilisema nini?"

Elasa akatafuta neno hata moja alilolitoa bwana asubuhi ile. Hakulipata. Wazee wakainamia viatu vyao.

Timna akapita mlangoni na mtoto mgongoni. Bega lake liligusa mwimo pale palipokuwa bado pabichi, kanzu ikapata doa jekundu. Bibi akamfokea kwa kuichafua nguo hata safari haijaanza.