Panya wa Stesheni na Panya wa Labo

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa huko Lubudi na shida ikaingia nyumbani. Shule niliiacha darasa la tatu. Kiangazi, nyasi zikishaungua, nilichimba mashimo ya panya wa porini, nikawachoma, nikawachomeka kwenye vijiti na kuwauzia abiria treni iliposimama stesheni. Mama na wadogo zangu walikula kwa kazi hiyo.

Hayo sikumwambia mtu hapa Kolwezi. Mke wangu ni wa familia ya Kasai, baba yake alikuwa mwajiriwa wa mgodi, watu wa shati lililopigwa pasi. Nilimwambia nilianza na bitoyo, samaki wa chumvi. Si uongo wote, bitoyo vilikuja baadaye. Vikaleta kinu cha mahindi, kinu kikaleta nyumba, na nyumba ya pili nikawapangisha watafiti walioigeuza labo, maabara ya kufugia panya weupe, wapate kujua vumbi la barabara za madini linafanya nini ndani ya mapafu.

Mimi si mtu wa kukaa kwenye kiti nikitazama magari yanapita. Niliposikia wanatafuta mtunza panya, nikasema niko hapa. Nimefuga kuku, sungura, mbuzi, nani atanifundisha nini? Dokta wao, mwanamke mdogo kuliko binti yangu wa kwanza, akajibu kwamba mwenye nyumba au si mwenye nyumba, hakuna anayegusa mnyama pale kabla ya kujifunza kwa mikono yake mwenyewe, yeye akitazama. Nikakubali. Nilikuwa nimeshatangaza nyumbani na kanisani kwamba nitakuwa mkubwa wa wanyama.

Tukavaa bluzi nyeupe, yale makoti ya labo, na glavu, mimi na wanafunzi wa chuo. Dokta akatuonyesha. Panya unamwinua kwa shina la mkia, unamweka juu ya kifuniko cha nyaya cha kizimba chake ashike kwa miguu ya mbele. Unauvuta mkia taratibu, naye anajinyoosha. Hapo unakusanya ngozi iliyolegea nyuma ya masikio, unamgeuza tumbo juu, mkia unaubana kwa kidole cha mwisho. Akitulia, sindano ya maji ya chumvi inaingia tumboni. Mwanafunzi mmoja alimwachia panya wake, panya akakimbilia chini ya meza. Nilicheka kwa sauti, nikawaambia watoto wa siku hizi wanaogopa hata mkia.

Zamu yangu ikafika. Nilimweka vizuri juu ya nyaya. Akageuka ghafula kuniuma. Sikufikiri. Kidole gumba na mwenzake vilimkandamiza nyuma ya kichwa, mkono mwingine ukavuta mkia, na nikasikia ule mlio mdogo wa shingo ninaoujua. Panya akalala pale kama kitambaa.

Kijana mmoja akasema, "Mupishi amefika. Nani ataleta bukari?" Bukari ni ugali; panya alishakuwa kitoweo.

Wakacheka mpaka dokta akawanyamazisha. Akaipapasa shingo ya panya, akaniangalia usoni.

"Tata, ulijifunzaka wapi hii?"

Ningeweza kusema ni bahati mbaya. Lakini mkono haufanyi vile kwa bahati mbaya, naye alilijua hilo.

"Lubudi," nikasema. "Nilikuwaka mutoto. Nilikuwa nabauzisha ku stesheni, batu banakula."

Safari hiyo hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Miaka yote hii navaa viatu vya ngozi, na kipanya kimoja kimenivua nguo mbele ya watoto wa watu. Tena binti mmoja kati yao anaimba kwaya moja na mke wangu. Nilijua habari itanitangulia nyumbani.

Nikavua glavu niondoke. Dokta akanifuata mlangoni. Alisema kazi ya kutunza hatanipa, maana mkono wangu una haraka, na siku nyingine mnyama akitaka kuniuma nitaua tena. Kisha akateremsha sauti.

"Lakini utafiti ukiisha, hawa panya bote lazima bakufe, tupime mapafu. Hawa batoto banachelewa kumumaliza, munyama anateseka. Weye ulimumaliza mara moja, hakusikia kitu. Ndio ile kazi niko naomba kwako, tata."

Aliomba kwa heshima. Mimi niliona amenirudisha na kijiti changu kando ya reli.

Nyumbani mke wangu alinipakulia chakula, akakaa mbele yangu.

"Kumbe bitoyo byako bilikuwaka na miguu," akasema.

Nilikula nikitazama sahani.

Kazi ile niliikubali. Siku moja baada ya pale nilipita labo nikamwona mwanafunzi mmoja akijaribu kuua, na mnyama alirusha miguu muda mrefu. Utafiti ukiisha wananiita. Naingia, nafanya, natoka. Kunawa mbele yao naona haya, nanawa nyumbani.

Leo nina nyumba mbili za matofali, kinu cha mahindi, pikipiki mbili za teksi, mbuzi, kuku, shamba, mke mmoja, watoto watano waliosoma, na bluzi nyeupe iliyotundikwa nyuma ya mlango wa labo.