Rangi ya Kuonwa na Watu

Kwetu Murara, mtu akinunua gari, hata kama ni kuukuu, ni lazima mtaa wote ujue. Jirani yangu alileta pikapu ya mazutu, yaani dizeli, iliyochoka, akaisimamisha kando ya barabara, akaita fundi wa kupaka rangi. Injini ilikohoa moshi mweusi, lakini hilo halikumsumbua, maana moshi haupakwi rangi. Alichotaka ni kwamba Jumapili padiri aibariki ikiwa nyeupe.

Fundi aliangalia pikipiki zilivyokuwa zikipita na kuinua lile vumbi letu jeusi la volkano.

"Papa, tuiingize mu parseli, ndani ya ua. Hapa vumbi ni mingi."

"Kule ndani nani ataiona?"

"Rangi ingali mbichi, vumbi itashika."

"Wewe paka tu. Watu wapite, waone."

Watu walipita, wakaona. Pikipiki nazo zilipita. Rangi ilipokauka, ungeweza kunolea kisu kwenye mlango wa pikapu ile.

Jumapili padiri aliinyunyizia maji ya baraka, akapitisha kidole juu ya boneti, kisha akakitazama kidole chake kwa muda.

"Ni rangi ya pekee, padiri," jirani yangu akasema, kifua mbele. "Haiteleze."

Tangu siku ile hakuna anayepita hapo bila kuisugua kidogo, ahakikishe mwenyewe. Jirani yangu alitaka macho ya watu tu, na watu, kwa ukarimu wao, wamemwongezea vidole.