Majina Niliyoyakata Pambizoni

Niliondoka Kasulu Jumatano moja ya mwezi wa Mei, mwaka 1976, kwa sababu ya wembe. Naona haya kueleza, lakini nisipoeleza safari yenyewe haitaeleweka.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kazi yangu ilikuwa kukusanya vitabu vikuukuu. Nilivipata sokoni kwa akina mama waliochana kurasa kufungia karanga na tumbaku, na nyuma ya ofisi siku za kuchoma takataka. Nilikusanya pia kalenda za maduka, karatasi za pakiti za chai na risiti za kodi za zama za Mwingereza, zote zikiwa zimepangwa katika sanduku la bati. Vitabu vilivyoachana nilivishona upya. Sikufundishwa na mtu. Nilifumua kitabu kimoja kilichofungwa vizuri, nikatazama uzi ulivyopita, nikakishona tena, nikakifumua tena, mpaka kikakubali.

Mwezi wa Januari Bibi Anastazia wa Murungu, upande wa Kibondo, alinitumia kitabu cha nyimbo cha kanisa. Kilikuwa cha marehemu mumewe, Mzee Stefano, aliyeongoza nyimbo kwao kwa miaka mingi. Aliomba kitu kimoja tu, nikishone. Nikakishona. Kisha nikatazama kingo za kurasa, zimepinda, zimekuwa nyeusi kwa vidole, na mkono wangu ukakataa kutulia. Nikachukua rula na wembe, nikakata upana wa kidole kizima hadi kitabu kikanyooka kama tofali. Kwa siku mbili nilikiweka mezani nikikitazama kwa furaha.

Siku ya tatu nilikifungua. Pambizoni, kando ya nyimbo za mazishi, palikuwa na maandishi ya penseli, nami nilikuwa nimeyakata katikati. Kurasa za kulia zilibaki na vichwa vya majina, kurasa za kushoto zilibaki na mikia. Hapa “Mari”, pale “Yoh”, kwingine “ana” tu.

Nilijiambia huenda hayana maana. Lakini siku moja sokoni nilikutana na mama mmoja muuza maharage aliyetoka Murungu, nikamuuliza kwa kuzungukazunguka. Alinijibu bila kuzunguka. Kila aliyezikwa kwao, Mzee Stefano aliandika jina lake kando ya wimbo aliozikiwa. “Na tangu tuhamie huku kijijini barabarani,” akasema, “makaburi yamebaki kule mlimani, majani yameyafunika. Kitabu ndicho kilichokuja nasi. Mwezi wa tano tutamkumbuka mwenyewe Stefano, anatimiza mwaka, na majina yote yatasomwa.”

Miezi minne nilimtumia Bibi Anastazia salamu kwamba kazi bado. Kazi ilikuwa imekwisha. Mimi ndiye niliyekuwa bado.

Tumaini langu lilikuwa moja. Vile vipande nilivyokata sikuvitupa, kwa kuwa mimi situpi karatasi. Kabla ya kukutana na yule mama nilikuwa nimevibandika ndani ya migongo ya vitabu vingine viwili ili kuiimarisha. Kwa kuwa huandika kila kitu katika daftari, nilijua vilikokwenda: kitabu kimoja kiko Makere, kingine Kibondo mjini. Ukumbusho ulikuwa Jumapili.

Saa moja asubuhi lori la maharage liliondoka Kasulu, ukungu ungali umelalia mabondeni. Nilikaa juu ya magunia, kitabu kimefungwa kwa kanga kifuani. Utingo alinitazama kwa muda mrefu.

“Umebeba nini, mayai?”

“Kitabu.”

“Kitabu kimoja na sura hiyo? Nilidhani tumepakia msiba.”

Wenzake wakacheka. Nami nilicheka, ila kwa kuchelewa.

Saa nne tulifika Makere. Mwalimu Gwimo, anayefundisha darasa la watu wazima, nilimkuta nje ya nyumba yake akipaka rangi nyeusi ubao. Yeye alikuwa na kitabu cha hesabu cha zamani nilichomfungia mwezi wa pili. Nilimwomba ruhusa ya kukipasua mgongo.

“Uliniambia kitadumu miaka hamsini,” alisema.

“Ni kweli, Mwalimu.”

“Sasa tuna miezi mitatu.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

Aliweka burashi chini. Nilimweleza yote, pamoja na zile salamu za uongo. Hakunifariji, wala hakunigombeza. Alimwita mkewe alete maji ya uvuguvugu katika beseni, akaenda kukitoa kitabu mwenyewe. Gundi yangu ya muhogo ililainika polepole, na kipande kimoja kimoja kikaachia. Nashukuru Mzee Stefano alitumia penseli, isiyoogopa maji. Mke wa mwalimu alivianika kwenye kamba pamoja na nguo za watoto, akivibana kwa miiba kwa kuwa vibanio havikutosha. Akawa anasoma huku akianika: “Huyu Petro. Huyu sijui Agnesi. Wanakauka vizuri watu wako.”

Mchana wote nililinganisha vipande na kurasa. Kila kimoja kilipokutana na chake nilipumua. Majina kumi na tisa yalirudi, nikayabandika. Kisha nikamshonea mwalimu kitabu chake upya, nikalala kwake.

Alhamisi saa nane nilifika Kibondo kwa gari la mizigo, nikaenda moja kwa moja dukani kwa Mzee Salum. Watu wake ni wa Pangani, na duka alirithi kwa baba yake. Yeye na mimi tunafanana ugonjwa, kwa maana hakuna kalenda ya duka lile iliyowahi kutupwa tangu enzi za huyo baba. Ndizo nilizokuwa nimemfungia ziwe buku moja kubwa. Nilipomwambia haja yangu alipanda kwenye kiti akalishusha kutoka rafu ya juu, juu ya magunia ya unga. Alilishika, akasita, akalitikisa. Vumbi la kahawia likamwagika kaunta nzima.

Mgongo ulikuwa mtupu. Mende walikuwa wameula kutoka ndani.

“Humu uliweka nini?” aliuliza.

“Gundi ya unga wa muhogo, Mzee.”

“Basi ulinipikia mende ugali, kijana. Na wameumaliza, hawakubakiza hata ukoko.”

Ninapotaka kucheka siku hizi hulikumbuka neno hilo. Siku ile nilikaa chini, pale pale sakafuni mwa duka. Wateja walinizunguka kununua chumvi. Kwa hesabu ya kurasa zilizokuwa bado hazijapata vipande vyake, humo mlikuwa na majina kumi na mawili. Nilipata chembe tatu, kubwa kama kucha, zisizo na herufi.

Hapa lazima nikiri jambo. Jioni ile, kwenye baraza ya Mzee Salum, nilitoa penseli nikaichonga. Mwandiko wa Mzee Stefano nilikuwa nimeshauzoea. “Yoh” ingekuwa Yohana, nani angebisha? “Mari” ingekuwa Maria. Ningeandika majina kumi na mawili pale pale katika nafasi finyu iliyobaki, kwa herufi ndogo, na kitabu kingekuwa safi na mimi ningekuwa salama. Nilikwisha kuweka ncha kwenye karatasi.

Mzee Salum alitoka kuchukua maji ya udhu, akaona.

“Unajua hao watu?” aliuliza.

“Sijui.”

“Aliyekutuma anawajua?”

“Anawajua.”

“Basi mpelekee penseli yeye.” Akaendelea na birika lake.

Ijumaa asubuhi alinipa baiskeli yake na nyaya mbili za akiba za breki, kwa sababu njia ya Murungu ina miteremko. Nilisukuma zaidi ya nilivyopanda. Nyumba za kijiji zilikuwa zimejipanga kando ya barabara, nyasi za mapaa mengine bado mbichi, na nyuma yake mashamba, kisha milima wanayoiita “kwetu”.

Bibi Anastazia alikuwa uani akipura maharage kwa fimbo. Ni mwanamke mfupi, mwenye mabega ya kazi.

“Mwakeye, Bibi.”

“Mwakeye, fundi. Nimesikia kazi bado, nimesikia kazi bado. Nikasema labda anakiandika upya chote.”

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitakunywa uji, na nikinywa uji nitaahirisha. Nilisema nikiwa nimesimama: kwamba nilikata bila kuulizwa, kwamba nilidanganya miezi minne, kwamba kumi na tisa wamerudi na kumi na wawili wameliwa na mende.

Alinyoosha mkono nikampa kitabu. Alikifungua kwenye kurasa nilizobandika, akapitisha kidole juu ya kila jina. Alipofika kwenye ukurasa wa kwanza ambao kipande chake kililiwa, aligusa namba ya wimbo.

“Namba gani hii?” aliuliza.

“Themanini na nne.”

Akaanza kuuimba, si kwa sauti ya kanisani, kwa sauti ya mtu anayetafuta kitu kabatini. Kabla hajamaliza ubeti alikatisha. “Huu ni wa Yohakimu, mtoto wa fundi seremala. Mvua ilinyesha, tukaimba ubeti mmoja tu, wanaume wakafukia mbio. Andika.”

Yohakimu. Nilimwandika, nikikumbuka Yohana niliyetaka kumbuni.

Tuliendelea hivyo. Mimi nilitaja namba, yeye aliimba, na jina likaja likiwa na habari zake. Mariamu aliyekuwa na mbuzi wakorofi. Kizee aliyeomba aimbiwe wimbo wa harusi, mchungaji akakataa, wakauimba njiani wakirudi. Mara mbili alikwama, akampigia kelele shemeji yake ng'ambo ya uzio, naye akajibu kwa kuimba kutoka jikoni bila hata kuuliza ni kwa nini. Niliandika kumi na mmoja. Ukabaki ukurasa mmoja wa kushoto, na mkia wa jina, “no”.

Herufi hizo mbili zilikuwa kubwa, zimelala upande, si za mwandiko wa Mzee Stefano. Kule Kasulu nilidhani ni za mtoto aliyechezea penseli. Sasa nilielewa kabla hajasema.

“Huo niliandika mimi,” alisema. “Yeye aliandika wote, nani angemwandika yeye? Nikaenda darasa la watu wazima. Nilijifunza herufi za jina lake tu kwanza, nyingine baadaye.”

“Bibi, nisamehe.”

“Ngoja.” Alikileta kitabu karibu na macho. “Umekata ile S yangu?”

“Nimeikata.”

“Ilikuwa inatazama nyuma. Kabla sijakutumia kitabu, kila Jumapili nilikuwa naifunika kwa kidole, wenzangu wa darasani wasiione.” Aliketi kwenye kinu, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi pia yalikuwemo. “Lete hiyo penseli, mwanangu. Siku hizi najua.”

Nilimpa. Alitafuta pambizo. Haikuwepo, wembe wangu ulikuwa umeacha nafasi isiyotosha herufi moja ya mkono wake. Nilitaka kusema nitabandika ukanda mpya, safi, nitaupigia mstari kwa rula. Hakunisubiri. Alikiweka kitabu juu ya paja, akaandika STEFANO katikati ya wimbo wenyewe, juu ya maneno yaliyochapwa, kutoka ukingo hadi ukingo. Alichukua muda mrefu. Nilitazama penseli ikivuka mistari ya ubeti wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu Januari kifua changu kililegea.

“Hapo hatakatwa tena,” alisema.

Jumapili majina thelathini na moja yalisomwa. Bibi Anastazia alisoma la mwisho mwenyewe, akikishikilia kitabu wazi ili walio mbele waone.

Jumatatu nilirudi Kibondo kwa baiskeli, na Jumanne nikashuka Kasulu juu ya magunia, nikiwa nimelala usingizi mzito kiasi kwamba utingo aliniamsha kwa kunivuta mguu. Buku la Mzee Salum nimelifunga upya, safari hii nikitia mwarobaini katika gundi.

Niliyojifunza si mengi. Mtu akiniletea kitabu sasa namwomba akae, tukifungue pamoja ukurasa kwa ukurasa, aniambie lipi ni uchafu na lipi siyo. Kazi inachelewa na wengine hunicheka. Juzi mzee mmoja alinionyesha doa la mafuta lililoenea kurasa tisa, baya kabisa, la kumkosesha usingizi mtu kama mimi. Akasema, “Hili usiliguse.” Nikaingiza uzi kwenye sindano, nikaanza kushona.